Kwa Niaba Ya

Kambi ya machimbo ya mawe
Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Daktari,

Leo imetimia miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani, na bado nikiamka huwa nautafuta mlango upande usio wake. Mimi ni mzima. Mgongo una maneno yake, lakini mgongo wa mpasua mawe usiposema utajuaje kama bado unao. Mguu wangu ule uliouuguza mwenyewe sasa unajua mvua kabla ya mawingu, na wenzangu wameanza kuuuliza kabla ya kuanika nguo.

Barua yako niliipata Ijumaa, lori la unga lilipopanda. Hiyo ndiyo siku yetu ya habari, maana simu zinachukuliwa zote getini, wanasema zinaweza kuamsha baruti. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa, ya pili nilielewa nusu, ya tatu nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumbani, Kinyozi, akauliza nimeandikiwa nini. Nikamweleza kama nilivyoelewa: mganga mkuu wa hospitali yenu amestaafu, wizara imeleta barua kwamba kiti chake kikaimiwe na daktari mwandamizi kuliko wengine, na mwandishi wa barua hakutaja jina. Sasa mko madaktari wawili na kila mmoja anasema mwandamizi ni yeye. Kinyozi akasema huyo mwandishi ni sawa na mtu anayewatupia mbwa wawili mfupa mmoja kisha akaenda zake kulala. Usikasirike. Yeye ndivyo anavyosema, na wewe anakuheshimu.

Huku kwetu mambo hayo ni mepesi. Jiwe kubwa linaposhushwa, anayetoa amri ni yule aliyesimama chini yake na mtaimbo. Awe alikuja jana, awe hana hata jino moja, akisema simama, mnyapara mwenyewe anasimama. Hakuna anayemuuliza aliajiriwa lini. Jiwe likiporomoka litamwangukia yeye, basi neno ni lake.

Lakini hospitali si machimbo, na wewe umesoma. Mimi niliacha shule darasa la sita ili wewe usiache. Sikubeba mawe miaka yote hii ili uje kuandika jina lako chini ya jina la mtu aliyekuja nyuma yako. Kama haki ni yako, kaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Niambie tu kinachotakiwa kutoka kwangu.

Kinyozi anakusalimu. Ana wasiwasi juu ya mkewe huko nyumbani, amekuwa akilalamika tumbo kwa vipindi, linakuja na kuondoka. Nimemwambia asihangaike na dawa za kubahatisha wakati mimi nina daktari wangu mwenyewe.

Kaka yako

---

Hospitali
Tarehe 12 Februari

Kaka yangu,

Nimefurahi kwamba ulicheka. Hapa hakuna anayecheka ila mama anayefagia. Yeye kila asubuhi akitukuta sote wawili mlangoni husema, "Shikamoo, mganga mkuu," mara moja tu, halafu anaendelea kufagia, tugawane wenyewe.

Nikueleze vizuri, ili utakapoandika ujue unachokiandika. Mimi na huyu mwenzangu tuliajiriwa kwa orodha moja. Mimi ni wa nne, yeye ni wa tisa. Tulitakiwa kuripoti kituoni tarehe mosi. Yeye aliripoti tarehe mosi, mimi nikaripoti tarehe kumi na mbili. Anasema uandamizi unahesabiwa tangu siku mtu alipoweka mguu kituoni. Mimi nasema unahesabiwa kwa nafasi ya mtu kwenye orodha, na aliyechelewa kwa sababu ya msingi hapotezi nafasi yake. Kanuni zote mbili zipo, kila moja kwenye waraka wake, na kila waraka una saini ya katibu tofauti. Watumishi wamembatiza Bwana Tarehe. Barua yake ya kuripoti ameitia kwenye plastiki na anatembea nayo kwenye mfuko wa koti. Ukimwuliza habari za asubuhi anaweza kukuonyesha.

Tuna viti viwili katika ofisi moja. Tuna mihuri miwili yenye cheo kimoja, kila mtu alijichongeshea wa kwake. Mahudhurio yanaandikwa kwenye madaftari mawili, na wauguzi wanasaini yote mawili ili wasionekane wana upande. Mimi nimemwandikia dereva wa gari la wagonjwa barua ya onyo kwa kuondoka na karatasi yenye muhuri wa Bwana Tarehe, na Bwana Tarehe amemwandikia kwa kuondoka na yangu.

Shauri limefika kwenye Tume ya utumishi. Mtu wa chama chetu cha madaktari, ndiye anayenishauri, ameniambia jambo moja kwa msisitizo: nisiandike popote "kwa niaba ya mganga mkuu". Nikiandika hivyo mara moja tu, hata kwenye karatasi ya kuombea sabuni, Bwana Tarehe ataipeleka Tume, na nitakuwa nimekiri kwa mkono wangu kwamba mkubwa ni yeye.

Ninachohitaji ni siku zile kumi na moja. Unakumbuka zilikuwa za nini. Andika maelezo kwamba jiwe lilikuponda mguu, kwamba hakukuwa na mwingine wa kukuuguza, kwamba mimi ndiye niliyekaa na wewe. Na awepo shahidi aliyeona.

Mwambie Kinyozi mkewe aje. Nitamwona mwenyewe.

Mdogo wako

---

Kambini
Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Maelezo haya hapa. Nimeyaandika kwa mkono wangu, na makosa yaliyomo uyaache kama yalivyo, wasije wakasema umeniandikia.

Shahidi tunaye, na hatukwenda mbali kumtafuta. Siku ile kwenye machimbo ya zamani, Kinyozi ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka shimoni mpaka barabarani, na ndiye aliyenifikisha nyumbani akanilaza mbele yako. Umemsahau kwa sababu uso wake ulikuwa vumbi tupu na wewe ulikuwa unautazama mguu. Kuandika hajui, kwa hiyo amepiga dole gumba. Alilipaka wino mara mbili, alama ikatoka nzito kama ya mihuri yenu. Kisha akaniambia, "Dada yako akipata ukubwa, na mimi nitatamba kwamba nilimkuza kwa kidole kimoja."

Huyo mshauri wako wa chama amesema kweli. Nakuongezea na mimi kama kaka yako: hata kwa dakika moja usiandike. Mtu akishaona umeinama mara moja, hukuwekea mzigo palepale. Mimi nimeinama tangu nina miaka kumi na mitatu, najua ninachokisema. Mwache huyo Bwana Tarehe ainame yeye.

Mke wa Kinyozi tumemwandikia. Atakuja mwanzoni mwa mwezi ujao, watoto wao wawili atawaacha kwa kaka yake. Atakuwa na karatasi yangu mkononi ili asikae kwenye foleni kama mtu asiyekuwa na mtu.

Kaka yako

---

(Karatasi ya mkono)
Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu, huyu aliyekuletea karatasi hii ndiye mke wa Kinyozi. Tumbo limezidi. Mfanyie kama ambavyo ungenifanyia mimi. Sina zaidi.

Kaka yako

---

Hospitali
Tarehe 14 Machi

Kaka yangu,

Nisamehe kwa kukawia. Kazi zimenielemea.

Maelezo yako yalifika Tume. Mtu wa chama anasema yamewagusa, hasa pale ulipoandika kwamba nilikuwa nakulisha kwa kijiko na barua ya ajira iko juu ya kabati. Bwana Tarehe amepeleka pingamizi kwamba dole gumba linaweza kuwa la mtu yeyote, hata la mtu wa sokoni. Watalitafakari. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, naona mlango umefunguka kidogo.

Mvua zimeanza. Paa la wodi ya wanaume linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Mgeni wako alifika. Nilimwona mwenyewe.

Jitunze, na mguu usiuweke kwenye maji.

Mdogo wako

---

Kambini
Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Ahsante. Sijui niseme vipi. Nilimsomea Kinyozi mstari ule, kwamba mkewe amefika na umemwona mwenyewe, akaniomba niusome tena. Halafu akaninyoa bila kunidai zamu, akamnyoa mpishi, akamnyoa mnyapara, akamalizia kwa kumshika yule mzee wa baruti ambaye kichwani hana hata nywele saba. Siku nzima alikuwa anaimba, na sauti yake si ya kuimba. Tulimvumilia.

Anauliza kama ulimpa dawa au ulimlaza, na kama tayari amerudi kwa watoto. Uandike kidogo juu ya hilo. Wewe ukiandika habari za mvua na paa, mimi nashindwa cha kumsomea.

Hilo la dole gumba lisikutie hofu. Kama wanataka kuona kidole chenyewe, kidole kipo na mwenyewe yupo.

Kaka yako

---

Kambini
Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Jana lori lilileta barua, si ya kwako. Ilikuwa ya Kinyozi, kutoka kwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Barua zake zote huwa namsomea mimi. Ilikuwa mchana, tumekaa kwenye kivuli cha mashine ya kokoto, na yeye alikuwa anamnyoa fundi wa winchi. Akaniambia nisome tu, masikio hayashiki wembe.

Mstari wa kwanza ulikuwa salamu. Wa pili ulisema mkewe amefariki tarehe tisa, hospitalini kwenu, na amezikwa. Niliusoma kwa sauti kabla sijauelewa, ndivyo nisomavyo, mdomo hutangulia. Kinyozi akauweka wembe taratibu kwenye bega la fundi wa winchi. Akasema, "Endelea."

Nikaendelea na macho, mdomo ukabaki nyuma. Shemeji yake, ndiye aliyemsindikiza, ameandika kwamba mgonjwa alilazwa kwenye gari la wagonjwa saa nne asubuhi, mlango wazi, apelekwe hospitali kubwa. Ameandika kwamba gari halikuondoka. Ameandika kwamba kulikuwa na daktari wa kiume na daktari wa kike waliokuwa wanarudishiana karatasi, huyu ampe yule, yule ampe huyu, na kwamba wa kike ndiye yule ambaye dada yake alikwenda na barua ya kumwona. Ameandika kwamba ilipofika saa nane hapakuwa tena na mtu wa kupeleka.

Mimi nikasoma: gari lilikosekana.

Ndivyo nilivyosema, mdogo wangu. Nikayatunga palepale, nikasema gari lilikuwa bovu, madaktari walijitahidi, ni kazi ya Mungu. Nikaikunja barua nikamrudishia, naye akaitia mfukoni, barua ambayo hawezi kuisoma. Mnyapara alimruhusu akaondoka na lori lilelile. Fundi wa winchi alirudi kazini na kichwa nusu kimenyolewa, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kama daktari. Wewe uliandika "nilimwona mwenyewe". Uliandika hivyo tarehe kumi na nne, wakati yeye ana siku tano ardhini. Labda shemeji yake amekosea. Watu wakifiwa hutafuta wa kumbebesha. Niandikie kwamba amekosea, nitakuamini, na nitamwambia Kinyozi hivyo nikimtazama usoni.

Kaka yako

---

Hospitali
Tarehe 9 Aprili

Kaka,

Hajakosea.

Alifika saa tatu asubuhi na karatasi yako. Niliisoma. Nilimpima mimi, tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na nilijua palepale ni utumbo umejisokota. Mtu wa namna hiyo anapasuliwa siku hiyohiyo au anakufa. Kupasua ningeweza, lakini mtaalamu wetu wa usingizi alihamishwa mwezi wa kwanza na hakuletwa mwingine. Hospitali kubwa iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Nikajaza fomu ya rufaa, nikasaini, nikagonga muhuri wangu, tukampakia. Mpaka hapo nilikuwa dada yako.

Dereva akaitazama fomu akatoa mfukoni barua mbili za onyo, yangu na ya Bwana Tarehe. Alisema ana familia, hawezi kuondoka kwa karatasi ya mmoja akafukuzwa na mwingine, tukubaliane kwanza. Fomu ikapelekwa kwa Bwana Tarehe, chumba cha pili. Akakata cheo changu kwa wino mwekundu, akagonga muhuri wake, akairudisha ili mimi nisaini chini, kwa niaba yake. Nikachukua fomu mpya. Naye akaikata. Fomu tulizitumia sita. Sikutoka chumbani kwangu wala yeye hakutoka kwake. Aliyekuwa anatembea katikati ni Matroni, mama mtu mzima, ameuguza watu kabla mimi sijazaliwa.

Mara ya nne aliingia hakuketi. Akasema, "Ni maneno matatu tu, Daktari. Yaandike aondoke, kesho mtagombana."

Nikamjibu, "Maneno hayo matatu ni miaka yangu yote."

Gari nilikuwa naliona dirishani, na miguu ya mgonjwa naiona, alikuwa na kandambili za bluu. Kila baada ya robo saa nilijiambia sasa hivi yule atalegea. Naamini naye alikuwa anajiambia hivyohivyo. Uliniandikia kwamba huko kwenu neno ni la yule aliyesimama chini ya jiwe. Nililikumbuka, kaka. Nikalikumbuka na lile jingine, kwamba hata kwa dakika moja nisiandike, na hilo ndilo nililolishika, kwa sababu ndilo nililolitaka.

Saa saba na nusu niliandika. Niliandika "kwa niaba ya" kwa herufi kubwa, nikatoka nakimbia na karatasi mkononi. Matroni alikuwa ameegemea mlango wa gari, ameufunga. Alinipisha tu nikaangalie mwenyewe.

Kitabu cha vifo kinasema mgonjwa aliletwa akiwa amechelewa. Nimeandika mimi, na Bwana Tarehe amesaini chini yangu bila ubishi. Ni karatasi ya kwanza tuliyokubaliana tangu mganga mkuu astaafu. Ile fomu ya mwisho, yenye maneno matatu, iko kwenye droo yangu, nimeifungia. Bwana Tarehe hajui kama ipo.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sikustahili kuliandika kwenye barua hii, lakini halina barua nyingine. Tume itakaa tarehe 13 Mei. Wamesema maelezo yako yana uzito, ila wanataka kukuona wewe, na wanataka kumwona mwenye dole gumba. Msipokuja, zile siku kumi na moja zinafutwa na kiti kinakwenda kwa Bwana Tarehe. Najua ninachokuomba. Najua na ninayemwomba ni nani. Kama umemwambia gari lilikosekana, basi bado hajui.

Mdogo wako

---

Kambini
Tarehe 29 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku ya Ijumaa. Nimekaa nayo siku tano, ndiyo maana utaiona hii imechelewa.

Kinyozi alikwisharudi, ana wiki mbili. Alirudi na kufanya kazi kama kawaida, akamnyoa fundi wa winchi ile nusu iliyobaki, akalala kitanda chake kilekile mkono mmoja kutoka kwangu. Hakuniuliza kitu na mimi sikusema kitu. Mtu ukimdanganya mkiwa mbali ni afadhali. Huyu nilikuwa nasikia pumzi zake.

Jumapili tulikuwa tunafua. Nikamwambia kwamba siku ile ya barua sikumsomea yaliyoandikwa. Hakuacha kufua. Akasema, "Nilijua siku ileile. Wewe ukisoma unatambaa kama kinyonga. Siku ile ulikimbia."

Mengine aliambiwa na Matroni, alipopita hospitalini kwenu. Alimweleza yote na jina lako akalitaja. Amekaa nalo wiki mbili akisubiri kama nitasema au nitakufa nalo. Nikamwambia kuna barua yako, akasema nisome. Nikaisoma yote, neno kwa neno, na safari hii sikukimbia. Alinirudisha mahali pamoja tu, pale pa dirisha.

"Kwa hiyo alikuwa anamwona," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akasuuza shati lake, akalianika, akarudi. Nikamwambia kwamba asipotaka kwenda kwenye Tume hakuna atakayemlaumu, wala mimi sitamlaumu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Anasema dole lile hakuliweka kwa ajili yako, aliliweka kwa sababu alinibeba, na alinibeba kweli. Atakwenda atasema alinibeba. Wakimaliza kumuuliza, naye ana la kuwauliza.

Mimi sina cha kukusuta nacho ambacho hakitanirudia. Nilikuambia usiinamishe kichwa hata kwa dakika moja, nikaona nimesema maneno ya kiume. Nilikuwa nayasema nikiwa nimekaa juu ya gunia, sijui fomu ni nini. Tena nilifurahi. Nilikuwa nikiwaambia watu hapa kwamba mdogo wangu anagombea ukubwa, nikajiona na mimi nimekua kidogo. Halafu nikamdanganya rafiki yangu kwa barua yake mwenyewe. Kwa hiyo tutakapokaa mbele ya hao watu, usinione nimekuja kama hakimu.

Lakini nakwambia mapema nitakachosema, usije ukashtuka. Nitaapa kwamba siku kumi na moja ni za kweli, kwa sababu ni za kweli. Wakiniuliza kama wewe ndiwe uliyetangulia kwenye orodha, nitasema ndiwe. Kisha nitawaambia habari ya tarehe tisa, na nitawaambia ipo karatasi kwenye droo. Ningependa wakati huo iwe tayari juu ya meza yao, umeiweka wewe. Usipoiweka nitaitaja tu. Na kile kitabu cha vifo, mlichokubaliana humo kifutwe. Mke wa Kinyozi hakuchelewa. Alikuwa hapo tangu saa tatu.

Najua utapoteza kiti. Labda utapoteza na kazi. Nimelifikiria hilo kila nikiinua nyundo siku hizi tano, na sikupata njia ya kulizunguka. Wewe uliyenizidi akili ungekuwa umeiona ungeniandikia, na hukuandika.

Mnyapara ametupa ruhusa ya siku kumi, sote wawili. Tutashuka na lori la Ijumaa tarehe 8 Mei, tutalala njiani mara moja, na Jumamosi kabla ya saa kumi jioni tutakuwa hapo. Usitutandikie. Kinyozi hatalala kwako, na mimi nitalala atakapolala yeye. Tutapita hospitalini kwanza. Anataka kuona gari lilikuwa limesimama wapi, na amesema si Matroni wala dereva, anataka wewe ndiye umwonyeshe. Uwepo.

Kaka yako